"Wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni fundi tu"

Asalaam aleikum washauri,

Mimi ni fundi cherahani, naishi Kisauni, Mombasa, na nashonea nyumbani. Kwa miaka miwili na zaidi nachukua kazi kwa tajiri mmoja mwenye duka la sare za shule mjini, si mbali na Mtaa wa Biashara. Kila Jumatatu hunipa dazani sita za mashati yaliyokwisha kukatwa, Jumamosi narudisha yakiwa tayari. Bei ni Sh50 kwa shati na ameipanga yeye. Cherahani ni yangu, uzi na stima juu yangu, tuktuk ya kubebea mzigo pia juu yangu. Nilipoanza alinitoza Sh5,000 akaziita dhamana ya kitambaa, akasema nitarudishiwa siku nikiacha. Amenikataza kushonea duka jingine, asema akisikia atanikatia mzigo.

Sasa ni wiki tisa sijalipwa sawasawa. Nimeshona dazani 54, yaani Sh32,400. Amenitumia jumla ya Sh8,000 tu kwa M-Pesa, kwa mara mbili, moja kutoka kwa nambari ya mkewe. Nikiuliza salio, asema amenikata Sh5,400 kwa sababu mashati 12 yana kola zisizooana rangi na mwili, Sh450 kila moja, na kilichobaki nisubiri shule zifunguliwe. Kola hizo sikuzikata mimi. Wiki hii amenipa dazani mbili pekee. Mashati hayo 24 nimeyamaliza lakini nimeyazuia ndani mpaka anilipe, naye anatishia kuniletea polisi. Jirani anishauri niyauze soko la Kongowea nijilipe.

Nilipomtajia tajiri habari ya kwenda kwa afisa wa leba, alicheka. Akanambia, "Wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni fundi tu. Wafanya kazi kwako, huna mkataba, utashtaki nini?" Tuko tisa tunaomshonea majumbani na wenzangu wanaogopa kusema. Nami nina hofu yangu nyingine: binti yangu wa miaka 12 hunigeuzia kola jioni. Je, nikishtaki hilo halitanigeukia?

Fundi wa Kisauni

*

Wa aleikum salaam dada,

Tuanze na hayo mashati 24, maana ndiyo yanayoweza kukuharibia kesho asubuhi. Usiyauze. Kitambaa ni cha tajiri, nacho kimefika kwako kwa kuaminiwa. Ukikipeleka Kongowea, deni lake kwako litabaki kuwa madai ya kawaida lakini kitendo chako kitakuwa jinai. Wizi wa mtumishi au wa wakala chini ya Kanuni ya Adhabu una kifungo cha hadi miaka 7, na hakimu hatakusikiliza sana ukisema ulikuwa unajilipa. Jirani anakutakia mema, ila ushauri huo ni wa kumfurahisha tajiri.

Yarudishe, lakini si kimyakimya. Yapange dazani dazani, uyapige picha juu ya mkeka mchana, kisha uende na mtu mzima asiyekuwa wa nyumba yako, akiwa mzee wa mtaa ni bora zaidi. Hesabuni mbele ya tajiri au mtu wake wa duka, naye aweke sahihi kwenye kikaratasi cha maneno machache: tarehe, mashati 24, yamepokelewa. Akikataa kutia sahihi, usigombane. Shahidi wako atie yake, na hapo hapo mlangoni mtumie tajiri ujumbe: "Nimekuletea mashati 24 leo saa nne, umeyapokea. Malipo yake ni Sh1,200." Asipokanusha ujumbe huo siku ile ile, baadaye atapata kazi kubwa kuukanusha. Ni kweli iko hoja ya kisheria kwamba fundi anayejitegemea anaweza kuzuia nguo mpaka alipwe kazi aliyoifanya kwenye nguo hiyo. Hoja hiyo ni ya kujengwa na wakili mbele ya hakimu, wala si ya kumwelezea askari wa zamu kaunta ya kituo saa mbili usiku. Kwa Sh1,200 haina faida kwako. Polisi wakikuita baada ya kuyarudisha, nenda na kikaratasi chako na shahidi wako, useme ni mzozo wa malipo ya kazi. Polisi si wakusanya madeni, na hapo hawana cha kukushika nacho.

Sasa hilo la "huna mkataba". Tajiri amechanganya karatasi na mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 8, inahesabu mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Kifungu cha 9 kinasema kazi inayofika miezi mitatu kwa jumla iwe na maandishi, na wa kuyaandaa ni mwajiri. Halafu kipo kifungu cha 10(7) ambacho matajiri wengi hawakijui: kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Kwa hiyo karatasi anayojivunia kutokuwa nayo inaweza kumgharimu yeye.

Na kazi ya kulipwa kwa kipande sheria inaijua vizuri. Imefasiriwa kwenye kifungu cha 2: kazi ambayo malipo yake hupimwa kwa kiasi kilichofanywa, bila kujali muda uliotumika. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima ifanyiwe ndani ya duka la tajiri. Kifungu cha 18 kinampa mfanyakazi wa kipande haki ya kulipwa mwisho wa mwezi kwa kazi aliyoifanya mwezi huo, au kazi inapokamilika, ipi itakayotangulia. Kwa mashati yanayorudi kila Jumamosi, "ngoja shule zifunguliwe" haimo kabisa.

Yote hayo lakini yanasimama juu ya swali moja: wewe ni mwajiriwa au ni fundi huru? Mahakama haiangalii jina ambalo tajiri amekupa, huangalia mambo yalivyo. Kitambaa na mitindo ni vya nani, nani anapanga bei na siku ya kurudisha, nani anakagua na kukataa, waweza kushonea wengine, waweza kumpa mtu mwingine kazi hiyo akufanyie, na biashara ikifaulu au ikiharibika ni nani anayefaidi au kupoteza. Kwako, kitambaa huja kimekatwa, bei ni yake, Jumatatu na Jumamosi ni zake, tena amekukataza kushonea wengine. Hilo la mwisho ndilo silaha yako nzito kuliko yote, kwa sababu fundi huru hakatazwi wateja. Kinachovuta upande wake ni cherahani yako, uzi wako, na saa zako unazojipangia mwenyewe. Kwa maoni yetu mizani inaelemea kwenye ajira, ila usiende ukidhani jambo limekwisha. Tafuta ushahidi wa lile katazo. Kama lilisemwa kwa sauti ya WhatsApp, usiifute. Kama lilisemwa kwa mdomo, wenzako wanane bila shaka wamelisikia pia.

Kuna mtego hapa ambao watu huingia wakishikwa mkono. Utaambiwa kwamba kifungu cha 37 hugeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa kudumu, kwa hiyo wewe wa miaka miwili umeshinda. Kifungu hicho kinahusu kibarua wa kutwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa huku huku Pwani, waliokuwa wakilipwa kwa kiasi cha kazi, na ikakataa kuwageuza kwa kifungu cha 37 kwa sababu walikuwa wafanyakazi wa kipande na si vibarua wa kutwa. Ukijenga madai yako juu ya kifungu hicho, wakili wa upande wa pili atayabomoa kwa hukumu hiyo moja. Jenga juu ya 10, 18 na 19.

Pengine utasikia pia habari ya mkataba wa kimataifa wa kazi zinazofanyiwa nyumbani, nambari 177 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1996. Upo, na ungekufaa sana, kwa maana unamhesabu kama mfanyakazi mtu anayetengenezea nyumbani bidhaa iliyoelekezwa na mwajiri, hata vifaa vikiwa vyake mwenyewe. Pendekezo linaloandamana nao, nambari 184, lataka alipwe hata stima na matengenezo ya mashine. Kenya bado haijauridhia. Australia walikwenda mbali zaidi: marekebisho ya sheria yao ya mwaka 2012 yalimfanya fundi wa nguo wa nyumbani ahesabiwe mwajiriwa, na asipolipwa aweza kudai hata kwa aliye juu ya yule aliyempa mzigo. Kwetu hakuna kitu kama hicho, ndiyo maana tunahangaika na mizani ya aya mbili zilizopita.

Hizo Sh5,400 za kola. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Maneno mazito hapo ni "makusudi" na "cha haki". Kola na mwili kutofautiana rangi, kwa kawaida, ni kosa la mezani kwa mkataji: kitambaa kimetoka majora mawili ya rangi ile ile lakini hayakutiwa rangi siku moja. Usiku chini ya taa huoni kitu. Ukilitoa shati juani, kola inakuwa nyeupe ya maziwa na mwili mweupe wa karatasi. Ndiyo sababu mkataji makini huvibandika vipande namba, ili kola ya jora la kwanza isikutane na mgongo wa jora la pili.

Lakini jiulize kwa haki: bando hizo, yaani mafungu ya vipande vilivyokatwa, zilikuja na namba? Kama zilikuja nazo nawe ukafungua bando mbili kwa pamoja vipande vikachanganyika, kosa ni lako, ingawa bado si la makusudi. Kama hazikuja na namba, wa kuulizwa ni mkataji. Kwa vyovyote, Sh450 haiwezi kuwa kiasi cha haki ikiwa ndiyo bei anayouzia shati zima dukani, maana hapo anakutoza faida yake pia. Mwombe akuonyeshe mashati hayo 12. Kama ameyauza, basi hakupata hasara anayokukatia. Tunajua mafundi walioyakuta "mashati yaliyoharibika" yakining'inia dukani.

Bei yenyewe nayo ina mambo. Chukua saa, ushone shati moja tangu kufungua bando hadi kukunja, bila kujikimbiza. Tuseme dakika 50. Mashati 72 yanakula saa 60 kwa wiki. Unapata Sh3,600. Toa gharama zako za kweli, tukadirie uzi Sh300, tokeni za cherahani na pasi Sh150, tuktuk Sh250. Unabaki na Sh2,900, ambayo ni kama Sh48 kwa saa. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 1, 2024 liliweka Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba, kwa kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa wiki ya saa 52 iliyo kwenye agizo la jumla, hiyo ni kama Sh71.50 kwa saa. Nacho ni kima cha asiye na ufundi. Aliye na cheti cha majaribio ya ufundi yuko juu zaidi. Basi unapunjwa kama Sh1,390 kwa wiki, kabla ya kugusa saa za ziada. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 inasema kima hicho hakiwezi kupunguzwa kwa makubaliano, kwa hiyo "si tulikubaliana hamsini?" si jibu, ikiwa wewe ni mwajiriwa. Weka hesabu zako halisi badala ya hizi zetu, na uulize ofisi ya leba kama limetoka agizo jipya.

Tuje kwenye daftari, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi nyingi za mafundi wa nyumbani zinapokufa. Mtu ana haki, ana machozi, lakini hana mstari mmoja ulioandikwa. Nunua daftari la nakala lenye kaboni. Kila mzigo uwe na mstari wake: tarehe ya kuchukua, dazani ngapi, saizi zipi, zina namba au hazina, bei, tarehe ya kurudisha, zilizokubaliwa, zilizokataliwa na kwa sababu gani, pesa zilizolipwa, baki. Jumatatu mkabidhi aweke sahihi kwenye mstari wa kuchukua, Jumamosi kwenye wa kurudisha. Nakala ya juu mwachie yeye.

Wengi hukataa kutia sahihi. Basi jioni ile ile andika WhatsApp, kwa maneno haya haya kila wiki, usibadilishe mtindo: "Leo nimepokea dazani 6 za mashati meupe, saizi 28 hadi 34, Sh50 kila moja. Nitarudisha Jumamosi." Akijibu "sawa", au akiweka kidole gumba tu, umepata sahihi. Akinyamaza wiki kumi na huku anaendelea kupokea mashati, ukimya huo nao unasema kitu. Wala usimtumie ujumbe wa matusi hata siku moja, utasomwa mahakamani pamoja na mwingine wote.

Kwa wiki zilizopita, andika sasa kile unachokumbuka, lakini kwenye ukurasa wa peke yake wenye kichwa "nimeandika kwa kumbukumbu" na tarehe ya leo. Kamwe usitengeneze daftari la zamani kwa kalamu moja usiku mmoja. Linajulikana kwa macho, nalo litakuchafulia na yale ya kweli. M-Pesa itakusaidia kujaza mapengo: piga *334# uombe taarifa ya akaunti, uichapishe, kisha utie alama kila pesa iliyotoka kwake, dukani kwake, na kwa mkewe. Miaka miwili ya pesa zinazoingia kila wiki kutoka kwa mtu yule yule huzungumza kuliko shahidi. Ile ya mkewe iandikie pembeni ilikuwa ya mzigo upi, la sivyo atasema ulikopeshwa.

Picha na jumbe za simu zinakubalika, ila Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti. Usiogope neno hilo. Ni karatasi moja unayoitia sahihi ikieleza simu ni ya aina gani na ni ya nani, kwamba ilikuwa ikifanya kazi vizuri, na jumbe zilichapishwa na nani, wapi, lini. Watu hufika na picha 40 za skrini bila cheti, wakili wa upande wa pili akazipinga zikatupwa zote. Na usibadilishe simu sasa hivi bila kuhifadhi mazungumzo.

Kisha andika barua ya madai. Iwe fupi, nawe ubaki na nakala:

"Kati ya tarehe fulani na fulani nimekushonea mashati 648 kwa Sh50, jumla Sh32,400. Umenilipa Sh8,000. Salio ni Sh24,400. Aidha tarehe fulani nilikurudishia mashati 24, Sh1,200. Jumla ninayokudai ni Sh25,600. Sikubali makato ya Sh5,400, na naomba unionyeshe mashati hayo 12. Tafadhali thibitisha pia kwamba unashikilia dhamana yangu ya Sh5,000. Naomba unilipe ndani ya siku 14."

Utaona tumesema "malipo", hatukusema "mshahara", na neno "mwajiri" halimo. Ni kwa makusudi. Dhamana hatukuidai bado, kwa sababu ulikubali irudi siku ukiacha. Tunachotaka sasa ni akiri kwa maandishi kwamba anayo.

Siku 14 zikipita, milango ni miwili, na huwezi kupita yote miwili.

Mlango wa kwanza ni wa mwajiriwa. Unaanza ofisi ya leba ya kaunti, ambako malalamiko hayatozwi pesa. Afisa ana mamlaka ya kumwita tajiri, kuingia dukani na kudai rekodi, na matajiri wengi hulegea hapo hapo kwa sababu hawana rekodi za kuonyesha. Akigoma, kesi ya mtu ambaye malipo yake hayazidi Sh80,000 kwa mwezi husikizwa na mahakama ya hakimu, si lazima ile ya ajira ya juu. Ukipitia mlango huu waweza kudai pia upungufu wa kima cha chini, likizo ya mwaka ya siku 21, na michango ya NSSF. Sindano ikikupenya kidole ukiwa kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini nayo yakuhusu. Wakati ndio adui: madai ya ajira hufa baada ya miaka 3, na yale ya hasara iliyokuwa ikiendelea hufa miezi 12 baada ya kukoma. Wewe hesabu ile miezi 12 kuwa ndiyo mwisho wako.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo. Inasikiza madai ya hadi Sh1,000,000, haihitaji wakili, haibanwi sana na kanuni za ushahidi, na sheria yake inaitaka imalize ndani ya siku 60. Tatizo ni kwamba kifungu cha 13 cha sheria yake ya 2016 kinaikataza kabisa mizozo ya ajira. Ukiandika kwenye fomu kwamba mwajiri wako hajakulipa mshahara, umejifungia mlango mwenyewe. Pale unaingia kama fundi huru mwenye makubaliano ya huduma: nilishona, alipokea, hajalipa. Utapata Sh25,600 zako na, ukishaacha, dhamana. Mengine yote umeyaaga.

Kama shida ni kodi ya nyumba mwezi huu na hutaki vita, mlango wa pili ni wa haraka. Kwa mtu aliyekatazwa kushonea wengine kwa miaka miwili, sisi tungeanza na afisa wa leba. Kabla hujaamua, mpelekee wakili wa msaada makaratasi yako ayaone. Kituo cha Sheria, FIDA na MUHURI wote wana ofisi Mombasa, na iko pia huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ukifika huko nenda na daftari na taarifa ya M-Pesa mkononi, utahudumiwa tofauti na aliyefika na maneno matupu.

Kuhusu binti: Sheria ya Ajira hairuhusu mtoto chini ya miaka 13 kuajiriwa kazi yoyote. Kumsaidia mama nyumbani kidogo na kuajiriwa ni vitu viwili, lakini mashati ya biashara, jioni baada ya jioni, yanasogea upande usiofaa. Mwache aache leo. Si kwa sababu ya kesi tu, ingawa na kesi pia ina lake: tajiri atasema kazi hufanywa na jamaa mzima, kwa hiyo si ajira ya mtu mmoja. Ukiulizwa, sema kweli kwamba alikuwa akigeuza kola na ameacha. Na ule muda wa dakika 50 upime ukigeuza kola mwenyewe, ncha zote mbili, ndiyo uwe wa haki.

Wenzako wanane wana haki ya kuogopa, ila kifungu cha 46 kinasema kumfuta mtu kwa kuwa amelalamika si sababu ya haki. Hilo laweza kuwalinda mkihesabiwa waajiriwa, na hata hivyo ni ulinzi wa baada ya kuumia. Ulinzi wa kabla ni wingi. Madaftari tisa yenye bei moja, Jumatatu moja na katazo moja hayapuuzwi na afisa yeyote. Kujiunga na chama cha wafanyakazi wa ushonaji na nguo hakuhitaji ruhusa ya tajiri. Na mkitaka kuunda kikundi cha kijamii cha kuchukua oda za shule moja kwa moja, sheria ya usajili ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, kwa hiyo mmepungukiwa na mtu mmoja tu.

Chagueni wakati pia. Kuanzia Novemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, tajiri wa sare hawezi kupata fundi mwingine kwa urahisi, na mashati yasiposhonwa wiki hizo hayauziki mpaka mwaka unaofuata. Daftari lisilotiwa sahihi Agosti hutiwa sahihi Desemba. Mzigo ukija, msiubebe kabla ya kalamu kugusa karatasi, na msitoke dukani kabla ya kufungua bando moja mlangoni, juani, mkaweka kola juu ya mgongo wa shati mkaangalia rangi.